Mabadiliko ya Tabia kwa Watoto Wanaoanza Mlo wa Masharti: Ufafanuzi wa Ushahidi kuanzia Lishe ya Feingold

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mabadiliko ya tabia yanayoripotiwa kwa watoto wanaoanza mlo wa masharti, yaani mlo unaoondoa kwa makusudi baadhi ya vyakula au viongezwa vya chakula kwa matumaini ya kupunguza utukutu na kutotulia. Mfano unaochunguzwa ni lishe iliyopendekezwa na Ben Feingold nchini Marekani mwaka 1973, pamoja na majaribio yaliyofanywa kuipima katika nusu karne iliyofuata. Makala yanajenga hoja kwamba badiliko linaloonekana katika wiki za mwanzo halina chanzo kimoja. Ni jumla ya athari ya chakula chenyewe, mabadiliko ya maisha ya nyumbani, matarajio ya mtazamaji, na mwenendo wa kawaida wa tabia ambayo hupanda na kushuka. Kila jaribio lililoficha mlo kwa uangalifu zaidi lilipunguza sehemu ya badiliko inayoweza kuhusishwa na chakula, lakini halikuifuta kabisa. Makala yanahitimisha kwamba ushuhuda wa mzazi ni data halali ya kuanzia, ila hautoshi kutaja sababu mpaka chakula kilichoondolewa kirudishwe katika mazingira ambamo mtazamaji hajui kilichomo.

Maneno muhimu: mlo wa masharti, utukutu, rangi za chakula, matarajio, tathmini ya wazazi

1.0 Utangulizi

Mtoto anapoanza mlo wa masharti, watu wazima wanaomzunguka huanza kumtazama kwa namna ambayo hawakuwa wakimtazama kabla. Alichokula asubuhi huandikwa, na alivyolala usiku huandikwa pia. Ugomvi wake na nduguye, ambao juzi ungepita bila kutajwa, sasa huingizwa katika daftari kama ushahidi. Baada ya wiki mbili au tatu mzazi hutamka kwamba mtoto amebadilika: ametulia, analala mapema, anasikiliza anapoitwa. Wakati mwingine hutamka kinyume chake, kwamba mtoto amekuwa mkali na mwenye kulialia kuliko zamani.

Kauli hizi ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya fasihi ya kisayansi kuhusu chakula na tabia ya mtoto, kwa kuwa hakuna kipimo cha damu kinachoonesha utukutu. Swali linaloongoza makala haya ni hili: mzazi anaposema kwamba mtoto amebadilika baada ya kuanza mlo wa masharti, ni nini hasa kilichobadilika?

Swali hili lina uzito wa kiutendaji. Jibu la haraka la kukubali linaweza kumweka mtoto miaka mingi mbali na matunda, maziwa na ngano bila faida yoyote, huku akitengwa na wenzake kila penye sherehe. Jibu la haraka la kukataa linaweza kuwaacha bila msaada watoto wachache ambao kweli hudhurika, na kumfanya mama aliyeona kitu cha kweli aonekane mwenye dhana tu. Makosa yote mawili yamekwisha kutokea katika historia ya mada hii, na yote mawili hubebwa na mtoto.

2.0 Maana na Aina za Mlo wa Masharti

Katika makala haya, mlo wa masharti una viwango vitatu vinavyotofautiana kwa ukali. Kiwango cha kwanza huondoa rangi bandia na baadhi ya vihifadhi pekee. Mtoto huendelea kula vyakula vyote vya asili. Kiwango cha pili, ambacho ndicho lishe ya Feingold yenyewe, huondoa pia vyakula vyenye salisileti za asili, kemikali zinazofanana na aspirini. Miongoni mwake ni tufaha, machungwa, zabibu, nyanya, matango na chai. Kiwango cha tatu humbakizia mtoto vyakula vichache tu vinavyodhaniwa kuwa salama, kwa mfano wali, nyama, mboga kadhaa, mapeasi na maji, kwa muda wa wiki chache.

Kila kiwango kina hatua mbili: kuondoa na kurudisha. Hatua ya kuondoa huonesha kwamba jambo fulani limebadilika. Hatua ya kurudisha, ambapo vyakula huingizwa tena kimoja baada ya kingine, ndiyo inayojaribu kuonesha limebadilika kwa sababu gani. Katika maisha ya kawaida, familia nyingi zilizoridhika na matokeo ya hatua ya kwanza hazina sababu ya kuhatarisha utulivu uliopatikana kwa kuingia hatua ya pili. Kwa sababu hiyo, ushahidi unaozungumzwa zaidi majumbani ni ule wa hatua ya kuondoa, ambao kimantiki ndio dhaifu zaidi.

3.0 Chimbuko la Dhana

Ben Feingold (1899–1982) alikuwa daktari wa mzio katika Kaiser Permanente, San Francisco. Dhana yake ilianzia katika kliniki ya watu wazima. Mwaka 1965 alimtibu mwanamke aliyekuwa na uvimbe mkali wa ngozi, akampa mlo usio na salisileti kwa kuwa ilikwisha fahamika kwamba baadhi ya watu wanaodhurika na aspirini hudhurika pia na rangi ya manjano iitwayo tatrazini. Uvimbe ulipotoweka, ilielezwa kwamba hasira na ugomvi wa mwanamke huyo, ambavyo vilikuwa vikishughulikiwa na daktari wa akili, navyo vilipungua. Feingold aliihamishia hoja hiyo kwa watoto. Mwaka 1973 aliwasilisha mbele ya Chama cha Madaktari cha Marekani dai kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya watoto watukutu aliowatibu walipata nafuu walipoachishwa rangi bandia, ladha bandia na salisileti.

Mambo mawili katika utaratibu aliopendekeza yana umuhimu kwa hoja ya makala haya. Kwanza, alitaka familia nzima ifuate mlo huo, si mtoto peke yake. Pili, alitaka mzazi aweke daftari la kila siku la chakula na tabia. Kitabibu, masharti haya yana busara: mtoto hawezi kuvumilia kuona nduguye akila anachokatazwa yeye, na bila daftari kumbukumbu hupotea. Kiutafiti, hata hivyo, masharti hayohayo yanamaanisha kwamba siku mlo unapoanza, upishi, manunuzi, mpangilio wa meza na macho ya mzazi vyote hubadilika kwa pamoja. Haiwezekani tena kujua ni kipi kati ya hivyo kilichomtuliza mtoto.

Feingold hakuwa na kundi linganishi. Wazazi waliompa taarifa walijua mlo ulivyo, walijua ulikusudiwa kufanya nini, na walikuwa wamegharimika kuutekeleza. Hata hivyo dai lake halikuwa la kipuuzi, na watafiti waliofuata hawakulitupa. Walilipima.

4.0 Majaribio na Kile Kilichobaki

4.1 Kuficha mlo mzima

Ugumu wa kwanza ni kwamba mlo haufichiki kama kidonge. Mtu anaweza kutengeneza vidonge viwili vinavyofanana, kimoja chenye dawa na kingine kitupu, lakini mama anajua kama mtoto wake amekula chungwa. Harley na wenzake (1978), katika jimbo la Wisconsin, walilikabili tatizo hili kwa njia ambayo haijapata kurudiwa mara nyingi kwa sababu ya gharama. Waliondoa chakula chote katika nyumba za familia zilizoshiriki, wakawa wanaziletea chakula cha wiki nzima kwa watu wote wa nyumba. Mtoto alipitia mlo wa Feingold na mlo linganishi kwa zamu, na mabadiliko ya kupoteza lengo yalifanywa kwenye milo yote miwili ili familia isiweze kubahatisha iko upande gani.

Walishiriki wavulana 36 wa umri wa shule na wavulana 10 ambao hawajaanza shule. Kwa wale wa shule, tathmini za walimu na uchunguzi wa darasani havikuonesha tofauti ya kueleweka kati ya milo. Baadhi ya wazazi waliona nafuu, lakini nafuu hiyo ilielemea upande wa familia zilizoanza na mlo linganishi kisha zikaingia mlo wa Feingold. Mpangilio wa zamu ulikuwa na nguvu kuliko chakula. Kwa wale wadogo, hata hivyo, mama wote 10 waliripoti nafuu wakati wa mlo wa Feingold, ingawa vipimo vya maabara havikuafikiana nao. Matokeo haya yaliacha mlango wazi kwa watoto wadogo, na mlango huo haujafungwa hadi sasa.

4.2 Kuficha rangi pekee

Watafiti wengine waliona kwamba ni rahisi zaidi kumweka kila mtoto katika mlo usio na rangi, kisha kumpa rangi hizo kwa siri ndani ya kinywaji au biskuti. Weiss na wenzake (1980) walifanya hivyo kwa watoto 22, wakitumia tathmini za wazazi ambao hawakujua ni siku zipi kinywaji kilikuwa na rangi. Watoto 20 hawakuonesha badiliko. Mmoja alionesha badiliko dogo. Mwingine, msichana wa miezi 34, alibadilika waziwazi kila alipopewa rangi.

Jaribio hili linastahili kusomwa kwa makini kwa kuwa linavunja mgawanyo wa kambi mbili. Linaonesha kwamba watoto wengi waliodhaniwa kudhuriwa na rangi hawakudhurika. Papo hapo linaonesha kwamba jicho la mzazi, likifichwa jibu, lina uwezo wa kugundua athari ya kweli palipo na athari. Kasoro ya jicho hilo hutokana na kujua jibu kabla ya kutazama. Likiondolewa ujuzi huo, ni chombo kizuri cha kupimia.

Wastani wa majaribio ya miaka ya mwanzo ulikuwa mdogo. Kavale na Forness (1983), waliounganisha tafiti 23, walipata ukubwa wa athari wa 0.11, kiwango ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa kidogo mno kuwa na maana ya kitabibu. Schab na Trinh (2004), waliojifunga kwenye majaribio 15 yaliyofichwa kwa pande zote mbili na yaliyohusu rangi, walipata 0.28. Athari hiyo bado ni ndogo, lakini haiwezi kupuuzwa.

Hatua kubwa zaidi ilipigwa na watafiti wa Southampton, Uingereza. Bateman na wenzake (2004) waliwafuatilia watoto 277 wa miaka 3 katika kisiwa cha Wight. Wazazi waliona utukutu zaidi katika kipindi cha kinywaji chenye rangi na kihifadhi cha sodiamu benzoeti kuliko katika kipindi cha kinywaji kitupu, lakini vipimo vya kliniki havikuonesha tofauti. McCann na wenzake (2007) wakapanua jaribio kwa watoto 153 wa miaka 3 na watoto 144 wa miaka 8 na 9, waliochukuliwa kutoka jamii ya kawaida na si kutoka kliniki za watoto watukutu. Safari hii tathmini za wazazi, walimu na watazamaji huru ziliunganishwa. Mchanganyiko mmoja wa rangi na benzoeti ulipandisha alama za utukutu za watoto wa miaka 3. Kwa watoto wakubwa athari ilionekana wazi zaidi kwa wale waliokunywa sehemu kubwa ya kinywaji walichopangiwa. Athari ya wastani ilikuwa ndogo, na watoto walitofautiana sana wao kwa wao. Stevenson na wenzake (2010) baadaye walihusisha tofauti hiyo na jeni zinazoongoza uvunjwaji wa histamini mwilini.

Matokeo hayo yalifika kwenye sheria. Tangu Julai 20, 2010, vyakula vinavyouzwa katika Umoja wa Ulaya vikiwa na mojawapo ya rangi sita zilizotajwa hupaswa kubeba onyo kwamba zinaweza kuathiri vibaya utendaji na umakini wa watoto. Inafaa kuangalia kwamba onyo hilo linahusu rangi, yaani kiwango cha kwanza cha mlo wa masharti. Halihalalishi viwango vya pili na vya tatu.

4.3 Mlo wa vyakula vichache

Kiwango cha tatu ndicho kilichotoa matokeo makubwa zaidi na mabishano makubwa zaidi. Pelsser na wenzake (2011) waliwagawa kwa bahati nasibu watoto 100 wa miaka 4 hadi 8 nchini Uholanzi na Ubelgiji, wote wakiwa na tatizo la upungufu wa umakini na utukutu uliokithiri. Hamsini walipewa mlo wa vyakula vichache kwa wiki tano, na hamsini walipewa ushauri wa ulaji bora. Watoto 32 kati ya 50 wa kundi la kwanza, sawa na asilimia 64, walipata nafuu kubwa. Katika hatua ya kurudisha, dalili zilirejea kwa watoto 19 kati ya 30, na haikujalisha kama vyakula vilivyorudishwa vilikuwa vile ambavyo kipimo cha damu cha kingamwili aina ya IgG kilivitaja kuwa hatari au vile kilivyovitaja kuwa salama. Kwa hiyo kipimo hicho hakikusaidia kuchagua vyakula vya kuondoa.

Ugumu ni kwamba wazazi waliijua hali ya mtoto wao, na hata daktari aliyetoa alama bila kujua kundi la mtoto alitegemea masimulizi yao. Sonuga-Barke na wenzake (2013) walionesha uzito wa jambo hili walipotenganisha tathmini za watu walio karibu na mtoto na tathmini za watu ambao huenda hawakujua mlo wake. Kwa milo ya vyakula vichache, athari ilikuwa 1.48 kwa kipimo cha kwanza, ikashuka hadi 0.51 kwa kipimo cha pili na kupoteza uhakika wa kitakwimu. Kwa uondoaji wa rangi, athari haikuporomoka: ilikuwa 0.32 kwa kipimo cha kwanza na 0.42 kwa cha pili. Athari iliyoonekana ndogo ilistahimili kufichwa. Ile iliyoonekana kubwa ndiyo iliyoyeyuka kwa sehemu kubwa.

Utafiti wa karibuni zaidi wa Kiholanzi, ujulikanao kwa kifupisho TRACE, ulibadilisha kilinganishwa. Badala ya kulinganisha mlo wa vyakula vichache na ushauri mwepesi, ulilinganisha na mlo bora wa kawaida uliosimamiwa kwa ukaribu uleule. Watoto 165 walishiriki: 84 kwenye mlo wa vyakula vichache na 81 kwenye mlo bora. Baada ya wiki tano, asilimia 35 ya kundi la kwanza walipata nafuu ya kuridhisha, dhidi ya asilimia 51 ya kundi la pili. Wazazi wa makundi yote mawili walianza wakiwa na imani kubwa inayolingana. Mlo mwepesi zaidi ulifanya vizuri zaidi, ingawa haikuwa rahisi kusema kama uliosaidia ni ubora wa chakula au mpangilio mpya wa maisha uliokuja nacho.

5.0 Vyanzo vya Badiliko Linaloonekana

Ushahidi huu unawezesha kutaja vyanzo vinne vinavyochangia kauli ya mzazi kwamba mtoto amebadilika. Chanzo cha kwanza, yaani athari ya chakula chenyewe, kimekwisha kuelezwa. Vitatu vinavyobaki vinahitaji ufafanuzi.

5.1 Matarajio ya mtazamaji

Hoover na Milich (1994) walifanya jaribio lisilomlisha mtoto chochote cha kumbadilisha. Waliwachukua wavulana wa miaka 5 hadi 7 ambao mama zao waliamini kwamba sukari huwatia utukutu. Watoto wote walipewa kinywaji kilichotiwa utamu wa aspatemu, kisicho na sukari. Nusu ya mama waliambiwa ukweli huo. Nusu nyingine waliambiwa kwamba mtoto amepewa sukari nyingi. Mama walioambiwa sukari waliwapa watoto wao alama za juu zaidi za utukutu. Picha za video zilionesha jambo la ziada: mama hao walikaa karibu zaidi na watoto wao ili kuwadhibiti, na walielekea kuwakosoa na kuwatazama zaidi.

Maana ya matokeo haya hupotea mtu anaposema tu kwamba mama walidanganyika. Matarajio yalibadilisha malezi yenyewe. Mtoto anayekosolewa na kufuatwafuatwa ana sababu ya kweli ya kuhangaika, na mtoto ambaye mama yake ametulia kwa kuamini kwamba sumu imeondoka mezani ana sababu ya kweli ya kutulia. Badiliko la namna hii si la kubuni. Ni badiliko halisi lenye chanzo kilichotajwa isivyo.

5.2 Mabadiliko ya nyumba

Mlo wa masharti hudai upishi wa nyumbani, saa maalumu za kula, na mtu mzima aliyepo wakati wa kula. Soda, pipi na vitafunio vya njiani huondoka vyote kwa pamoja. Mtoto ambaye alikuwa akila kwa kudonoadonoa siku nzima huanza kupata mlo kamili, na pamoja nao huja mazungumzo na usimamizi. Matokeo ya TRACE yanaipa nguvu tafsiri hii, kwa kuwa kundi lililopata mpangilio bila ukali wa masharti halikupungukiwa na nafuu.

5.3 Siku za mwanzo na kurejea kwenye wastani

Miongozo mingi ya wazazi huonya kwamba katika siku za mwanzo mtoto anaweza kuwa mbaya zaidi, na huliita hilo dalili ya mwili kuachana na kemikali. Yapo maelezo rahisi zaidi. Mtoto aliyekataa vyakula vipya ana njaa. Mtoto aliyenyang'anywa vitu anavyovipenda ana hasira. Mtoto aliyezoea soda za kola au kikombe cha chai kila asubuhi amekosa kafeini, na kuikosa kafeini kwa ghafla kunajulikana kuleta maumivu ya kichwa na kupungua kwa umakini.

Tatizo la onyo hilo ni la kimantiki. Mtoto akitulia, mlo umefanya kazi. Akichafuka, mlo pia umefanya kazi kwa kuwa kemikali zinamtoka. Dai ambalo kila matokeo hulithibitisha haliwezi kupimwa. Mtafiti anayetaka kutumia taarifa za siku za mwanzo hana budi kutamka kabla ya kuanza ni matokeo gani yatahesabiwa kuwa kinyume cha dhana yake.

Hatimaye, familia huanza mlo mgumu pale hali inapokuwa mbaya kupita kiasi: baada ya barua kutoka shuleni au baada ya wiki ya ugomvi usiokoma. Tabia ya mtoto hupanda na kushuka yenyewe, na jambo lolote likianzishwa kileleni, lawe mlo, dawa au kuhama nyumba, litafuatiwa na mteremko. Ndiyo sababu kundi linganishi haliepukiki. Pasipo kundi hilo, mteremko wa kawaida husomwa kuwa tiba.

6.0 Athari kwa Tafiti za Kiswahili

Vipimo vilivyotumika katika majaribio haya vilitungwa kwa Kiingereza na Kiholanzi. Mtafiti anayekusudia kuvitumia Afrika Mashariki hukutana na tatizo la msamiati kabla ya kufikia chakula. Neno mtundu hubeba maana mbili: mtoto msumbufu, na pia mtu mbunifu mwenye ustadi, kama fundi anayesifiwa kwa utundu wake. Mzazi anayejibu kwamba mtoto wake ni mtundu sana huenda analalamika, huenda anajivuna, na huenda anafanya yote mawili. Mtukutu huelekea zaidi kwenye ukaidi, na msumbufu huelekea kwenye kero anayoipata mtu mzima. Hakuna hata moja kati ya maneno haya linalotaja peke yake kushindwa kukaa mahali pamoja au kushindwa kumaliza kazi. Hojaji ya Kiswahili inayofaa haina budi kuuliza matendo yanayohesabika: mtoto ameinuka mara ngapi wakati wa kula, ameacha kazi ngapi katikati, imechukua muda gani kulala. Matendo hayo hayavutwi kwa urahisi na matarajio kama zinavyovutwa sifa.

Suala la pili ni la chakula chenyewe. Ubuyu uliotiwa rangi nyekundu, barafu za rangi, vinywaji vya unga na pipi ni sehemu ya maisha ya mtoto wa mjini katika pwani hii, na mara nyingi huuzwa bila maelezo ya kilichomo. Kwa hiyo kiwango cha kwanza cha mlo wa masharti kinaweza kupendekezwa bila hofu kubwa: vitu hivi havina virutubisho ambavyo mtoto hawezi kuvipata kwingine. Viwango vya juu ni jambo tofauti. Kumwondolea nyanya, machungwa na maziwa mtoto ambaye sahani yake tayari ina vyakula vichache ni kumnyang'anya vitamini C na madini ya kalsiamu kwa ahadi ambayo majaribio yaliyofichwa hayajaithibitisha. Hatua kama hiyo inahitaji usimamizi wa mtaalamu wa lishe, muda wenye kikomo, na kipimo cha uzito wa mtoto mwanzoni na mwishoni.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mabadiliko ya tabia kwa watoto wanaoanza mlo wa masharti ni ya kweli katika maana ya kwamba kitu hubadilika, lakini kitu hicho mara nyingi si kile kinachotajwa. Rangi bandia zina athari ndogo kwa wastani, inayostahimili kufichwa, na pengine kubwa kwa watoto wachache. Nigg na wenzake (2012) walikadiria kwamba takriban asilimia 8 ya watoto wenye tatizo la upungufu wa umakini na utukutu huenda wana dalili zinazohusiana na rangi hizo. Milo mikali zaidi huonekana kuwa na nguvu pale mtazamaji anapojua, na hupoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo asipojua au inapolinganishwa na mlo bora uliosimamiwa sawasawa.

Kutokana na hayo, utaratibu wenye haki kwa mtoto na kwa mzazi una hatua nne. Kwanza, tabia irekodiwe kwa wiki mbili kabla ya kuondoa chochote, ili kupanda na kushuka kwa kawaida kuonekane. Pili, kianzwe kiwango chepesi, yaani rangi na vinywaji vya viwandani, pamoja na saa maalumu za kula. Tatu, nafuu ikipatikana, kilichoondolewa kirudishwe kwa siri na mtu mwingine wa nyumbani au wa kliniki, huku anayetoa alama akiwa hajui siku wala chakula. Nne, chakula ambacho kurudishwa kwake hakukuleta badiliko kiruhusiwe tena moja kwa moja.

Hatua ya nne ndiyo inayosahaulika zaidi, katika tafiti na majumbani. Msichana wa miezi 34 katika jaribio la Weiss alistahili kuepushwa na rangi, na aliyefichua hilo ni mzazi aliyetazama bila kujua jibu. Watoto 20 ambao hawakubadilika walistahili nao kuambiwa kwamba wanaweza kula kama wenzao.